James Parkinson: Tabibu Aliyewatazama Wapita Njia

Kuna watu ambao majina yao yamezagaa dunia nzima lakini wao wenyewe hawajulikani. Litaje jina la Parkinson mbele ya daktari yeyote, awe wa Kenya au wa Japani, atakwambia papo hapo kuwa huo ni ugonjwa: mikono hutetemeka, mwili hukakamaa, mwendo huwa mzito na mtu huanguka ovyo. Sasa muulize huyo Parkinson alikuwa nani. Wengi watakuna kichwa. Mimi nimekuwa nikimfuata mtu huyu vitabuni tangu muhula wa kwanza, hata wenzangu bwenini wakaniita Parkinson. Wenzangu wa Chama cha Kiswahili walinishauri niandike maisha ya mwanariadha. Wanariadha wana watu wengi wa kuwaandika. Nami nimechagua mtu aliyeandika juu ya wale wasioweza kutembea.

James Parkinson alizaliwa tarehe 11 Aprili 1755 katika mtaa wa Hoxton, upande wa Shoreditch, ambao siku hizo ulikuwa pembezoni mwa jiji la London. Baba yake, John Parkinson, alikuwa tabibu wa mtaani, yule anayetumbua majipu, kuunga mifupa, kuchanganya dawa na kuziuza, yote chini ya paa moja. James alirithi kazi hiyo na wagonjwa wa hapohapo Hoxton. Tusidanganyane, hakuwa miongoni mwa madaktari wakubwa waliosoma vyuo vikuu na kuwatibu matajiri. Alikuwa mtu wa kuamshwa usiku wa manane kwenda kwa mama anayejifungua.

Mwaka 1776 aliingia London Hospital akajifunza kwa miezi 6. Mwaka uliofuata chama cha Royal Humane Society kilimtunukia nishani ya fedha kwa kumrudishia pumzi mtu wa Hoxton ambaye wengine wangalimhesabu maiti. Alikuwa na miaka 22 tu! Mwaka 1784 alipata cheti cha upasuaji. Mwaka 1785, akiwa tayari ana wagonjwa wake mwenyewe, alikwenda kuketi kama mwanafunzi mbele ya mpasuaji mashuhuri John Hunter na kuyaandika mafunzo yake kwa hati mkato. Daftari zile hazikupotea. Mwanawe, aliyeitwa John kama babu yake, alizichapisha mwaka 1833. Nawauliza wenzangu wa kidato cha tatu wanaotupa daftari kila mwisho wa muhula, je, mmesikia?

Basi msidhani kuwa mtu huyu alikuwa mpole wa kukaa na chupa zake za dawa tu. Wakati ule Ufaransa ilikuwa imempindua mfalme wake, na wakubwa wa Uingereza walikuwa hawalali usingizi. Parkinson alijiunga na London Corresponding Society, chama kilichodai kuwa watu wa kawaida nao wapate kura. Aliandika vijitabu vya kuikejeli serikali akijificha nyuma ya jina la Old Hubert, yaani Mzee Hubert. Mwaka 1794 baadhi ya wenzake walikamatwa, wakashtakiwa kwamba walikusudia kumwua Mfalme George wa Tatu kwa mshale wenye sumu, uliorushwa kwa bunduki ya upepo ndani ya ukumbi wa michezo. Parkinson aliitwa mbele ya baraza la mfalme, na Waziri Mkuu William Pitt alikuwapo. Hapo, jamani, wengi wangalitetemeka bila ugonjwa wowote. Yeye alikataa kula kiapo mpaka ahakikishiwe kwamba hatalazimishwa kujitia hatiani mwenyewe. Kisha akakiri waziwazi kuwa vile vijitabu vimetoka mkononi mwake. Kesi ile iliporomoka baadaye na hakuna aliyenyongwa.

Baada ya hapo aliipunguza siasa, akaandika vitabu vya afya kwa watu wa kawaida, kitabu cha kemia, na kingine juu ya jongo, ugonjwa wa maungio uliomtesa yeye mwenyewe na baba yake. Penzi lake kubwa lakini lilikuwa mawe. Alikusanya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, akaandika juu yake juzuu 3 zilizotoka mwaka 1804, 1808 na 1811. Mwaka 1807 alikuwa mmoja wa watu 13 walioanzisha Geological Society ya London. Mwaka 1812, yeye na mwanawe John walieleza kisa cha mtoto aliyekufa kwa kupasuka kidole tumbo, na hicho ni miongoni mwa visa vya mwanzo kabisa vya aina hiyo kuandikwa kwa Kiingereza. Lau angalifia hapo, jina lake lingalibaki kwa wapenda mawe tu.

Lakini mtu aliyezoea kutofautisha gamba moja la kale na jingine huwa na macho ya ajabu. Macho hayohayo aliyatumia barabarani.

Mwaka 1817, akiwa na miaka 62, alichapisha kijitabu cha kurasa 66 juu ya kile alichokiita kupooza kwa kutetemeka. Ndani yake mna visa vya watu 6. Hebu fikiria, sita tu! Tena si wote waliokuja kwake kutibiwa. Wa kwanza alikuwa mtunza bustani aliyepita miaka 50. Wa pili alikutana naye njiani, mzee wa miaka 62 aliyekuwa mtumishi katika ofisi ya hakimu. Wa tatu pia alikutana naye njiani, mtu wa miaka 65 hivi, mwenye maungo ya shujaa, zamani baharia. Baharia huyu alikuwa hawezi kutembea kabisa. Mwili wake ulikuwa umepinda mbele kiasi kwamba ilimbidi kukimbia mfululizo, na kila baada ya hatua tano au sita aliipiga fimbo yake chini kwa nguvu ili ajisukume na kurudi wima. Parkinson alimsimamisha, akazungumza naye. Baharia alisema anadhani maradhi yake yalitokana na miezi aliyofungwa katika gereza la Wahispania.

Wa tano hakuzungumza naye hata kidogo, alimwona kwa mbali tu. Alikuwa bwana fulani mwenye mtumishi. Mtumishi husimama mbele yake, akamwekea mikono mabegani, wakayumba pamoja mbele na nyuma polepole mpaka bwana apate usawa. Kisha bwana hutoa amri, naye hutoka mbio, huku mtumishi akichomoka na kutangulia mbele ili amdake kabla hajaanguka, baada ya hatua 20 hivi. Nimesoma sehemu hiyo mara nyingi. Ni watu wangapi walipita njia ile siku ile wakamwona bwana yule, wakacheka au wakageuza uso? Yeye alihesabu hatua.

Kutokana na watu hao 6 alitambua kwamba ni ugonjwa mmoja. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, si ukiwa kazini. Nguvu hupungua. Kiwiliwili huinama mbele, na mwendo hubadilika kutoka kutembea kuwa mbio ambazo mtu hakuzitaka. Alikosea mahali: alidhani akili haiguswi kamwe, na leo tunajua kuwa wagonjwa wengine huguswa akili pia. Alidhani chanzo kiko kwenye uboho wa shingo, naye hakupata nafasi ya kupasua maiti hata moja ili ahakikishe.

Na dawa je? Hapa ndipo ninapompendea. Mtu huyu alikuwa mwuza dawa. Mkate wake ulitoka kwenye chupa. Angaliweza kubuni mchanganyiko wake wa mizizi na kuupa jina tamu, na wagonjwa wangalinunua, maana mgonjwa haulizi mara mbili. Badala yake aliandika kwamba mpaka chanzo kijulikane, hakuna sababu ya kutosha ya kumpa mgonjwa dawa za kunywa. Alipendekeza kutoa damu sehemu ya juu ya shingo na kuweka malengelenge ili usaha utoke. Kwetu leo hayo ni mateso bure, lakini ndiyo yaliyokuwa matibabu ya zama zake. Akawaomba wenzake, hasa wale wanaopasua maiti, waendelee kutafuta.

Hawakuharakisha. Parkinson alifariki tarehe 21 Desemba 1824 baada ya kupatwa na kiharusi, akazikwa katika kanisa la St Leonard, Shoreditch, kanisa lilelile alikobatiziwa. Hakuna picha yake. Zile za kamera mnazoziona katika vitabu vingine ni za watu wengine wenye jina kama lake, kwa sababu yeye alikufa kabla kamera haijaenea. Ni Mfaransa, Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliyependekeza miaka mingi baadaye kuwa ugonjwa huo uitwe kwa jina la tabibu wa Hoxton. Charcot na wanafunzi wake walijaribu dawa zinazotokana na mimea ya jamii ya belladona, ambazo hupunguza kutetemeka kidogo. Likumbukeni jambo hilo la belladona, nitalirudia.

Mwaka 1919 mtafiti Konstantin Tretiakoff, hukohuko Paris, alionyesha kwamba wagonjwa hawa wamepoteza chembe katika doa jeusi lililo kwenye shina la ubongo. Si shingoni basi, bali juu kidogo. Mwaka 1957 Msweden Arvid Carlsson aliwapa sungura dawa iliyowamaliza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni. Wakalala chini kama wamekufa. Akawadunga levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakaamka. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz na Herbert Ehringer huko Vienna waliona kuwa ubongo wa waliokufa na Parkinson una upungufu mkubwa wa dopamini. Mwaka 1961 Hornykiewicz na Walther Birkmayer waliwadunga wagonjwa levodopa, na waliokuwa hawawezi kuinuka waliinuka wakatembea kwa saa chache. Ikabaki kujua namna ya kuwapa kila siku. Jibu lilitoka kwa George Cotzias, Mgiriki aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 1967 alitangaza kwamba dawa ikimezwa, ikianzwa kwa kiasi kidogo na kuongezwa polepole hadi gramu nyingi kwa siku, nafuu hudumu.

Piga hesabu mwenyewe: 1817 hadi 1967. Miaka 150 kamili!

Mwalimu wetu wa baiolojia aliniuliza kwa nini wagonjwa hawapewi dopamini yenyewe. Kwa sababu dopamini ikiwa kwenye damu haiwezi kupita ukuta unaoulinda ubongo. Levodopa hupita, na ikifika ndani ndipo hugeuka. Lakini ikigeuka mapema, ikiwa bado tumboni na kwenye damu, mtu hutapika sana, kwa hiyo siku hizi huchanganywa na kabidopa ili kuizuia isigeuke kabla ya kufika. Nyama na maharagwe mengi pia huigombania njia, na ndiyo sababu wagonjwa wengi huambiwa wameze kama nusu saa kabla ya kula.

Na hii itawachekesha. Mnaujua upupu? Ule ambao watukutu fulani hupaka kwenye viti vya wenzao? Mbegu za mmea huohuo zina levodopa ya asili. Lakini asije mtu akakimbilia kichakani kumtafutia mgonjwa wake. Mbegu haikwambii ina kiasi gani, na kipimo ndicho roho ya dawa hii, kama Cotzias alivyoonyesha.

Sababu yangu ya kufuatilia mambo haya iko nyumbani. Babu yangu, baba yake mama, alianza kuburuta mguu nikiwa darasa la sita. Kijijini walisema ni pombe, ilhali babu hajawahi kuonja. Wengine walinong'ona kuwa ameendewa kwa mganga kwa sababu ya mpaka wa shamba. Zahanati moja ilimpa tembe za maumivu ya viungo kwa muda wa miaka miwili. Alipofika mlangoni miguu iligandamana na sakafu, sisi wajukuu tukimsukuma kwa mapenzi, akaanguka. Nyanya ndiye aliyekataa maneno yote ya watu na kumpeleka hospitali ya mkoa, na huko daktari alimtazama akiingia tu, akasema jina la ugonjwa kabla babu hajaketi. Nilipokuja kusoma habari za baharia wa Hoxton nilielewa. Daktari yule naye alimsoma babu kwa mwendo.

Babu alipoanza levodopa pamoja na kabidopa, mkono ulitulia na uso ukarudi kucheka. Alivaa vifungo vya shati mwenyewe. Tulifikiri yamekwisha, lakini miaka michache baadaye kuanguka kulirudi, hata saa ambazo dawa ilikuwa inafanya kazi vizuri. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Levodopa huondoa ugumu na uzito wa mwili, lakini usawa wa mwili, ule wa kujizuia usianguke ukiyumba, mara nyingi hausaidii sana. Tena yule aliyekuwa haendi sasa anakwenda, na anayekwenda ndiye huanguka.

Kwa nini? Kwa sababu dopamini haikupotea peke yake. Ugonjwa unapoendelea, hufa pia chembe zinazotoa kemikali nyingine iitwayo asetilikolini, zikiwemo zile za shina la ubongo zinazohusika na mwendo na usawa, na nyingine zinazotusaidia kuwa waangalifu. Mtu mzima hatembei kwa miguu tu, hutembea kwa uangalifu. Jaribu kumwuliza mzee swali gumu anapovuka barabara uone kama hatasimama kwanza.

Na sasa belladona. Dawa za Charcot huizuia asetilikolini. Zilipunguza mtetemeko, lakini kwa wazee dawa za jamii hiyo huleta mkanganyiko wa akili. Watafiti wa karne hii wamegeuza njia. Wanajaribu dawa zinazozuia asetilikolini isivunjwe, ili ile kidogo iliyobaki idumu. Si dawa mpya, zilikuwa zikitumika kwa wazee wanaopoteza kumbukumbu. Mwaka 2010 watafiti wa Oregon, Marekani, walitangaza matokeo ya donepezili kwa wagonjwa 23 wa Parkinson waliokuwa wakianguka mara kwa mara. Walipokuwa wakiimeza, walianguka karibu nusu tu ya vile walivyoanguka wakimeza tembe isiyo na dawa.

Jaribio lililonivutia zaidi lilifanyika Bristol, Uingereza, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016. Wagonjwa 130 waliokuwa wameanguka katika mwaka uliotangulia waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa rivastigmini, nusu tembe bandia, kwa wiki 32, na hakuna aliyejua anameza ipi. Kilichopimwa kwanza hakikuwa kuanguka bali hatua. Mtu mwenye afya hupiga hatua zinazolingana muda, tap, tap, tap, kama ngoma ya gwaride. Mgonjwa wa Parkinson hatua moja hukawia, nyingine huwahi, na kadiri muda wa hatua unavyopishana ndivyo anavyokaribia kuanguka. Waliomeza rivastigmini hatua zao zililingana zaidi, na kuanguka kwao kulikuwa pungufu kwa asilimia 45 kuliko kwa wenzao. Lakini kichefuchefu na kutapika viliwasumbua baadhi yao. Watu 130 ni wachache kwa jambo zito kama hili, kwa hiyo jaribio kubwa zaidi likaanzishwa baadaye hukohuko Uingereza. Mimi si daktari, wala simwambii mtu amnunulie mzee wake dawa dukani. Nasema tu kwamba mgonjwa anayeanguka amweleze daktari wake kuwa anaanguka, asinyamaze akidhani levodopa imeshindwa na hakuna lingine la kuuliza. Babu alinyamaza mwaka mzima kwa kuona haya.

Tarehe 11 Aprili, siku aliyozaliwa Parkinson, sasa ndiyo siku ya ugonjwa huu duniani. Huko Bristol, ili kupima hatua za wale 130, walifungiwa kifaa kidogo mgongoni, karibu na kiuno, chenye kuandika kila mtikisiko wakitembea. Tabibu wa Hoxton hakuwa nacho. Alisimama kando ya barabara, baharia akapita mbele yake mbiombio na fimbo yake, naye akahesabu kwa macho: tano, sita, fimbo, tano, sita, fimbo.